Tofauti Moja Kwenye Jicho la Kulia

Picha ilikuwa na saa isiyowezekana, na kila kitu kilianzia hapo.

Mzee aliyeishika alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya chumba cha picha cha kliniki ya macho, miguu ameibana pamoja, miwani ameipandisha juu ya paji la uso. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mchunguzi wa alama za vidole. Wenzake kazini walimbatiza jina la Kidole, na jina hilo likamfuata hadi kustaafu, hata muuza duka wa mtaani kwake hakulijua lingine. Alitoa ushahidi mahakamani zaidi ya mara mia mbili, na hakuna wakili aliyewahi kumtoa jasho. Sasa alikuwa na karatasi iliyodai kwamba jicho lake la kulia limepigwa picha saa moja na dakika arobaini asubuhi. Saa moja na dakika arobaini alikuwa nyumbani, akiwasubiri wajukuu wafunge kamba za viatu. Kliniki yenyewe ilifunguliwa saa mbili na nusu. Kwenye mashine aliketi ilipofika saa nne kasoro dakika tano. Aliitazama saa yake, kama alivyofanya kila mara alipoanza au kumaliza jambo lolote.

"Saa ya mashine ilirudi nyuma umeme ulipokatika," alisema mpiga picha, mwanamke wa makamo aliyekuwa akifuta kwa spiriti sehemu ya kuwekea kidevu. "Hatujairekebisha. Lakini picha ni yako, mzee wangu, ondoa wasiwasi."

"Ulikatika lini?"

"Wiki iliyopita. Au juzi. Si unakatika kila mara."

"Juzi au wiki iliyopita?"

Mpiga picha akacheka. "Unanihoji kama nimeiba kuku."

Kidole hakucheka. Alichojifunza kazini ni kwamba maelezo yanayotoka kabla swali halijaisha mara nyingi yalikuwa yamekaa tayari mdomoni.

Daktari alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya kuchoka. Aliigeuza skrini ili mgonjwa aone. Juu ya weusi kulikuwa na nyuzi nyeupe zilizotoka mahali pamoja na kusambaa, panda baada ya panda, hadi zikawa nyembamba kama nywele.

"Hii ni mishipa ya damu iliyo nyuma ya jicho lako," alisema. "Hii mikubwa umezaliwa nayo. Lakini hapa juu, pembeni ya mshipa huu, kuna kichaka. Unakiona? Hiyo ni mishipa mipya. Kisukari chako kina miaka kumi na miwili. Sehemu za jicho zikikosa damu ya kutosha, jicho linachipuza mishipa ya kujazia, na mishipa hiyo ni mibovu, kuta zake laini. Siku moja inapasuka, jicho linajaa damu, unabaki na giza."

"Naona vizuri." Kidole aligeuka, akasoma kupitia mlango uliokuwa wazi maandishi madogo ya kwenye mtungi wa kuzimia moto, mwisho wa ujia, kwa jicho la kulia peke yake.

"Ndiyo. Kichaka kimeota pembeni, hakijagusa sehemu unayosomea. Utaona vizuri mpaka siku kitakapopasuka. Tukipiga leza ndani ya wiki mbili, kitanyauka."

"Hamkunidunga sindano. Hamkunitia hata dawa. Nimeweka kidevu, mwanga umepita, basi. Damu yangu mmeionaje bila kunigusa?"

Daktari alionekana kulifurahia swali hilo. "Mashine inapiga sehemu ileile mara nyingi, haraka haraka. Kisichosogea inakitupa. Kilichosogea kati ya picha na picha ni damu, basi inachora pale damu inapopita. Zamani tulidunga dawa ya rangi mkononi, watu wakatapika. Siku hizi hatugusi mtu."

"Kwenye kazi yangu alama huachwa na mguso."

"Hapa si polisi, mzee." Daktari aliandika kitu. "Na gari, kwa sasa mwachie mtu mwingine aendeshe."

Hapo Kidole akashusha miwani yake.

Miezi minne iliyopita alikuwa amekwaruza nguzo ya geti lake mwenyewe, mkwaruzo wa urefu wa kalamu. Binti yake, ambaye alikuwa akiishi naye pamoja na wanawe wawili, aliutazama mkwaruzo ule, akasema, "Baba, gari sasa basi." Wakanuniana wiki nzima. Binti ndiye aliyeichagua kliniki hii. Binti ndiye aliyepiga simu na kupanga siku. Na Kidole alipokuwa akitoka, mpiga picha alimpungia mkono.

"Nisalimie binti yako. Tulikaa dawati moja sekondari."

Kidole alisimama na mkono kwenye kitasa. "Nitamsalimia," alisema.

Hakumsalimia. Alifika nyumbani, akatoa jalada jipya la rangi ya kaki, akaandika juu yake: *Jicho la Kulia*. Ukurasa wa kwanza akaandika wahusika. Wa kwanza, binti. Wa pili, mpiga picha. Alitafakari kidogo, akamwongeza wa tatu, mke wake, kwa sababu siku ya ule mkwaruzo alikaa kimya, na ukimya wake ulikuwa upande wa binti.

Hoja ilikuwa rahisi. Miaka miwili nyuma alipigwa picha ya jicho lilelile kwa mashine ileile, na daktari wa wakati huo akasema yuko salama. Picha hiyo alikuwa nayo. Kliniki pia ilikuwa nayo, ndani ya kompyuta. Mtu mwenye ufunguo wa chumba angeweza kuingia asubuhi kabla ya wagonjwa, kuifungua picha ya zamani, kupachika kichaka, na kuihifadhi kama mpya. Saa moja na dakika arobaini. Halafu mzee anakuja, anaweka kidevu, mwanga unapita, na anaonyeshwa kitu kilichokwisha kupikwa. Akishatishwa vya kutosha, anakabidhi ufunguo wa gari mwenyewe.

Aliahirisha leza. Alisema ana mafua. Wiki mbili zikapita. Alisema jamaa yake amefiwa. Zikapita nyingine mbili.

"Jamaa gani?" binti aliuliza mezani. Alikuwa muuza dawa, na aliuliza kama anayesoma cheti cha daktari asiyemwamini.

"Humjui."

"Baba, kile kitu hakisubiri mafua wala msiba. Nimeongea na daktari."

"Umeongea naye lini?"

"Jana."

"Kwa simu au ana kwa ana? Nani alimpigia mwenzake?"

Binti akaweka kijiko chini. Mke wa Kidole aliyekuwa akimenya chungwa alisema bila kuinua kichwa, "Mjibu tu, mwanangu. Jana amenihoji mimi kuhusu balbu ya chooni, nani aliizima na kwa nini."

"Balbu ilizimwa kabla ya muda," alisema Kidole.

"Umesikia."

Binti hakucheka. Alimtazama baba yake katika jicho la kulia, la kulia tu, kama anayeangalia chungu kilicho karibu kufurika, kisha akaondoka mezani. Kidole aliandika baadaye: *Anakwepa swali la simu.*

Wiki ya saba alizitandaza picha mbili juu ya meza ya chakula, wote wakiwa wametoka. Kushoto ya zamani, kulia ya sasa. Alikuwa na kioo chake cha kukuzia, kile cha kazini, na kalamu mbili, ya kijani na nyekundu. Utaratibu wa kazi yake haukuwa na mzaha: kijani kwa kila mahali panapofanana, nyekundu kwa kila tofauti, na tofauti moja isiyo na maelezo inatosha kuangusha kila kitu kingine. Alipata alama kumi na sita zinazofanana. Panda hapa, panda pale, mshipa unaopinda kama ndoano, miwili inayopishana. Mahakamani kumi na sita zingetosha kumfunga mtu. Jicho lilikuwa lake, hilo hakubishana nalo tena. Lakini kichaka kilikuwa kwenye picha ya kulia na hakikuwa kwenye ya kushoto. Kitu cha mwilini hakijiongezi. Matuta ya kidole anayotoka nayo mtoto tumboni ndiyo anayozikwa nayo. Kidole aliwaambia hivyo majaji wa marika matatu. Kilichoongezeka, kimeongezwa na mtu.

Alibakiza hatua moja. Mchunguzi hafungi jalada lake mwenyewe. Lazima mwingine ahakiki, na yule mwingine asiambiwe wa kwanza ameona nini. Basi akatoa nakala safi za picha zote mbili, akaziandika A na B, akaingia garini.

Njiani aliona unywele mweusi. Ulikuwa ukielea mbele yake upande wa kulia, juu kidogo ya usukani. Aliifuta miwani kwenye taa nyekundu ya kwanza, akaifuta tena kwenye ya pili. Unywele ulibaki. Akauhesabu kuwa uchafu.

Aliyekaa kwenye meza yake ya zamani alikuwa mwanamke aliyemfundisha mwenyewe kwa miaka tisa. Ofisini walimwita Mrithi, kwa sababu alirithi meza, taa na hata kikombe. Alimkaribisha mwalimu wake kwa mikono miwili, akamuulizia mke na wajukuu, akamvutia kiti.

"A na B," alisema Kidole. "Sikuambii kitu."

"Sikuulizi kitu, Mwalimu."

Alichukua saa nzima na dakika kumi. Kidole alikaa akitazama ukuta, na unywele ukatembea juu ya ukuta. Ofisi ilinukia vilevile, wino na karatasi za zamani. Alijua kwa mbali kwamba Mrithi amekwisha kugeuza karatasi mara tatu, na kwamba kalamu anayotumia zaidi ni nyekundu, na moyo wake ukatulia. Nyekundu nyingi ni habari njema.

"Jicho moja," Mrithi alisema mwishowe. "Mtu mmoja. A ni ya mwanzo, B ya baadaye."

"Hilo nakubali. Na B imeghushiwa?"

"Hapana."

Kidole alisogea mbele. "Kuna kichaka."

"Nimekiona. Na nimeona vingine tisa." Akaigeuza karatasi yake. "Tazama mshipa huu mnene. Kwenye A uko laini. Kwenye B umevimba na kubanwa, kuvimba na kubanwa, kama shanga kwenye uzi. Huu hapa umejipinda zaidi ya zamani, kidogo tu. Hapa, hapa na hapa kuna viraka vyeusi ambavyo kwenye A vilikuwa na nyuzi nyembamba. Mwalimu, wewe ndiye uliyetuambia kisa cha yule mtunza stoo."

Kidole alikikumbuka bila kukumbushwa. Alama ya dole gumba ilinaswa kwa gundi kwenye kikombe na kupandikizwa kwenye kufuli lililovunjwa, ili mtunza stoo aonekane mwizi. Kilichomwokoa ni kwamba alama ilikuwa pale tu ilipohitajika. Mtu halisi hushika ovyo.

"Mghushi anaweka kimoja, pale anapotaka uangalie," alisema Mrithi. "Hapa hakuna aliyechagua. Limebadilika jicho zima. Viraka hivi hakuna anayeviona asipovitafuta, sasa avichore kwa faida gani? Naomba nione karatasi yako ya kazi."

Kidole alisita, kisha akaitoa kwenye jalada. Mrithi aliiweka chini ya taa, akainamisha kioo, akafuata mstari mmoja mmoja, polepole, kama mwalimu wake alivyomfundisha.

"Wino wa kijani umepita juu ya ule mwekundu," alisema. "Mstari wa alama ya nne unakatiza duara la kichaka, na uko juu yake. Ulianza na nyekundu, Mwalimu."

Mwanafunzi yeyote aliyeanza na nyekundu, Kidole alimchania karatasi mbele ya wenzake. Anayeanza na tofauti anayoijua hutafuta tu kiasi cha kufanana kinachomfaa, kisha anaacha kutazama. Ndiyo maana vile vitu tisa havikuonekana na mtu mwenye macho ya kusoma mtungi wa moto.

"Lakini kitu cha mwilini hakijiongezi," alisema.

"Kidole hakijiongezi. Hiki si kidole."

"Na saa? Saa moja na dakika arobaini, kliniki imefungwa."

"Waliielezaje?"

"Umeme."

"Ukaipima?"

Kidole aliitazama saa yake ya mkononi. Kwa wiki saba alikuwa amewahoji watu watatu na balbu, na hakuwa ameiuliza mashine. Mrithi alimsogezea simu ya mezani. Kidole alipiga, na mpiga picha ndiye aliyepokea.

"Mashine yenu inasema saa ngapi sasa hivi?"

"Ah, mzee wangu. Shikamoo. Bado hujaja kwa leza?"

"Marahaba. Saa ngapi, tafadhali."

Hatua zilisikika zikienda na kurudi. "Inasema saa tatu na robo. Bado iko nyuma vilevile, mpaka fundi aje."

Saa ya ukutani kwa Mrithi ilikuwa saa tano na nusu. Saa mbili na robo kati yake. Siku ile: kutoka saa moja na dakika arobaini hadi saa nne kasoro dakika tano, saa mbili na robo. Alifanya hesabu mara mbili kichwani, na mara zote mbili ilikuwa ileile, bila dakika moja ya kujificha nyuma yake.

Aliweka simu chini taratibu. "Tangu asubuhi naona unywele," alisema. "Jicho la kulia. Nilidhani ni miwani."

Mrithi hakusema pole. Alinyoosha mkono, kiganja juu. "Ufunguo, Mwalimu."

Alimpa. Mrithi akaendesha gari hadi kliniki, na mlangoni akamrudishia ufunguo.

Daktari hakumwuliza alikuwa wapi wiki zote hizo. Mpiga picha alimketisha, akamwambia asipepese, mwanga ukapita, na mti mweupe ukatokea kwenye skrini kwa mara ya tatu. Kichaka kilikuwa kimepanuka karibu mara mbili, na chini yake kulikuwa na doa lililofifisha nyuzi zilizo nyuma yake.

"Imeanza kuvuja," alisema daktari. "Kidogo. Bado napata njia ya kuona ndani, kwa hiyo tunapiga leza leo, sasa hivi. Ungekuja wiki ijayo huenda nisingeona pa kupiga. Kilichokwisha kumwagika kitachukua miezi kusafika. Kama kitasafika chote, sikuahidi."

"Usiniahidi," alisema Kidole. "Piga."

Leza haikumgusa pia. Ilikuwa mweko wa kijani, tena na tena, kwa mamia, na kila mmoja ulichoma kidogo nyuma ya jicho, kama mtu anayepiga mhuri haraka ili awahi kufunga ofisi. Kidole alijaribu kuihesabu. Alipotelewa na hesabu baada ya mia mbili na arobaini.

Binti alikuja kumchukua jioni, kabla jua halijazama, bado amevaa koti jeupe la dukani. Mrithi alikuwa amempigia. Nyumbani, mama yake alikuwa sebuleni, na Kidole, jicho moja likiwa na kivuli cha moshi, aliliweka jalada la kaki juu ya meza mbele yao wote wawili.

"Someni," alisema.

Binti alifungua ukurasa wa kwanza. Alisoma polepole, na rangi ya uso wake ikabadilika mara mbili. "Mshukiwa wa kwanza, mimi."

"Ndiyo."

"*Anakwepa swali la simu.* Baba, niliondoka mezani kwa sababu nilikuwa nataka kulia."

Kidole alimsikiliza. "Hilo sikuliandika," alisema. "Nilipaswa kuuliza."

Mke wake alichukua karatasi, akaivuta karibu na macho. "Mimi ni wa tatu?"

"Wa tatu."

"Miaka thelathini na minane ya ndoa, na nimeshindwa na mpiga picha." Akamrudishia binti karatasi. "Angalau balbu haimo."

Binti hakutabasamu. Aligeuza kurasa hadi mwisho, kwenye karatasi ya Mrithi yenye miduara kumi myekundu, akaitazama kwa muda mrefu. Chini yake kulikuwa na mistari miwili ya sahihi: mchunguzi, na mhakiki. Kidole alikuwa ameshaandika kwenye mstari wa kwanza, chini ya sentensi moja: *Picha ni halisi. Kosa ni la mchunguzi.*

"Wa pili ni nani?" aliuliza. "Huyu mwanafunzi wako?"

"Yeye amehakiki picha. Hilo lingine analihakiki aliyeshukiwa."

Binti alichukua kalamu. Hakusaini papo hapo. Aliisoma sentensi ile tena, akamtazama baba yake, akauliza, "Ufunguo uko wapi?"

Kidole alitia mkono mfukoni, akautoa, akauweka juu ya jalada. "Mpaka daktari aseme."

"Na akisema hapana?"

Swali hilo hakuwa nalo kwenye jalada. Alijaribu kulitazama kwa jicho la kushoto, kisha kwa la kulia, ambalo lilimwonyesha binti yake nyuma ya moshi, mdomo na kidevu tu.

"Basi ni hapana," alisema.

Binti akasaini, akaandika tarehe, akaangalia saa ya ukutani na kuandika saa pia, hadi dakika.